Siku Bwana Hezron Alipozima Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini mshipi wa mashine ulinichapa shavu la kushoto nikaanguka chali kwenye tope la dizeli. Bwana Injinia, Mzungu aliyekuwa mkuu wa karakana ya shamba moja la chai upande wa Kericho, alinitazama kiko kikiwa mdomoni, akasema, "Sasa imekusalimia. Wewe salimia yeye." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nyinyi wa siku hizi mnapewa barua yenye muhuri. Barua yangu mimi ilikuwa alama ya usoni, na nilitembea nayo nikijivuna.

Injini za dizeli za wakati huo hazikuwa na saa za kukuonyesha hali zao. Ulitumia sikio na kiganja. Sikio lilikuambia kama inapumua sawasawa, kiganja kikakuambia joto. Bwana Injinia alikuwa akinifunga kitambaa machoni, ananizungusha karakana nzima, kisha anauliza, "Hii ni ipi? Inaumwa nini?" Nikikosea ananipiga konzi. Baada ya miaka mingi ya konzi nilikuwa najua injini kwa sauti kuliko nilivyojua watoto wangu, na sioni haya kusema hivyo, ingawa mke wangu aliona.

Uhuru ulipokuja, Bwana Injinia alifunga masanduku akaenda kwao. Mimi mtoto wa Maragoli nikabaki nikijiuliza nirudi nyumbani kulima mawe au nifanye nini. Ndipo Bwana Hezron alipokuja kunitafuta.

Bwana Hezron alikuwa mtu wa kwetu. Alikuja Bomet kijana, akiuza chumvi na majembe kwa mguu, na sasa alikuwa na duka, lori moja na mashine ya posho karibu na Silibwet. Mkewe tulimwita Mama Dorika, kwa jina la binti yao wa kwanza, na baada ya Dorika walikuwa wengine watano. Sijawahi kuona mwanamume aliyependa watoto wake namna ile. Kitinda mimba alikaa mabegani pake huku yeye anapima sukari, wazee wa Kipsigis wakicheka, "Hezron, wewe ni yaya?" Saa ya chakula cha mchana alifunga mlango wa duka. Mpaka watoto wote sita wakae mezani hakuna aliyegusa ugali, na hata akija chifu mwenyewe alingoja nje. Biashara aliipenda pia, tusidanganyane. Lakini aliipenda kwa ajili ya ile meza.

Niwaeleze mashine ya posho, maana wengi wenu mnanunua unga kwenye pakiti. Injini hukaa kwenye kibanda chake na kinu hukaa ndani, mshipi ukiviunganisha. Ndani ya kinu mna vinyundo vya chuma vinavyozunguka na kupiga punje mpaka zipite kwenye chujio. Unga hutoka na joto. Akina mama wa asubuhi za baridi walikuwa wakitumbukiza mikono kwenye mfuko wa unga kujipasha, nami nikiwafokea. Kwenye mdomo wa bomba la moshi tulifunga kopo, likawa linalia tup, tup, tup, sauti ikavuka vilima vitatu. Mama aliye shambani akiisikia alijua mashine iko kazini, akajitwika mahindi yake. Kila mashine ilikuwa na sauti yake. Ya kwetu ilikuwa na kikohozi kidogo katikati, na watu waliiita "ile ya kukohoa".

Halafu kulikuwa na sheria ya foleni. Haikuandikwa popote, lakini mtoto wa miaka mitano aliijua. Gunia ndilo mtu. Ukishaweka gunia lako kwenye mstari, wewe unaweza kwenda sokoni, kanisani, hata kulala kwa shangazi. Kila gunia la mbele likisagwa, waliopo wanasukuma ya nyuma hatua moja kwa goti, na la asiyekuwepo wanalisukuma vilevile. Kulirudisha gunia la mtu nyuma ilikuwa sawa na kumshika mwenyewe shingo na kumvuta mbele ya watu.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ilikuwa Alhamisi ya mvua ndefu. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, ukisimama mlangoni huoni mti wa pili. Mama mmoja aliyeitwa Taplelei, mke wa arap Tonui wa ng'ambo ya mto Nyangores, alikuja mapema na kigunia kidogo cha mahindi yaliyochanganywa na wimbi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akakiweka mstarini.

"Fundi," akaniambia, "mimi naenda dispensari kutafuta dawa. Mtoto iko na surua. Gunia yangu ni ya nne."

"Nenda tu, mama," nikamjibu. "Gunia liko salama."

Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Kama saa moja baadaye akaingia mke wa nyapara wa kambi ya chai, na vijakazi wawili wamebeba magunia matatu makubwa. Nyapara ni msimamizi wa wachumaji, na huyu alisikilizwa na wakubwa wa kiwanda cha chai. Mimi nilikuwa nimemwomba anitafutie kazi huko. Nilitaka nyumba ya mabati. Nilitaka mke wangu aache kunitajia nyumba za mabati. Yule mama akatazama foleni, akakunja pua.

"Fundi, mimi siwezi kusimama kwenye baridi hii. Mzee wangu anasema mwezi ujao watachukua mtu wa injini."

Hakuniomba kitu. Alisema hivyo tu. Nami nikalishika gunia la Taplelei shingoni, nikalibeba mpaka mwisho wa mstari, nikaweka ya mke wa nyapara mahali pake. Mbona lake na si la mwingine? Kwa sababu wengine walikuwapo wakinitazama, yeye hakuwapo. Bibi kizee mmoja tu ndiye aliyesema, "Fundi, huyo ni mtu umebeba."

"Mtu gani mwepesi hivi?" nikajibu, nikacheka peke yangu.

Magunia yale matatu yalikula asubuhi yote. Injini ikapata moto, nikaipumzisha. Taplelei alirudi mchana na chupa ya dawa mkononi, akaona gunia lake liko nyuma kabisa. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe akangoja. Kufikia saa kumi injini ilikuwa imechemka tena, mvua inanguruma huko juu milimani, na Bwana Hezron akatoka dukani akasema, "Zima, fundi, itapasuka." Yalikuwa yamebaki magunia matatu, lake likiwa la mwisho. Nikamwambia arudi kesho. Akaniaga, akaacha gunia ili asipoteze zamu, akashika njia na chupa yake ya dawa.

Daraja la mto lilikuwa magogo mawili yaliyolazwa. Saa nane mchana, saa ambayo angekuwa amevuka kama ningeacha gunia lake pale lilipokuwa, maji yalikuwa chini ya magoti. Jioni ile yalikuwa yamepita juu ya magogo. Walimpata kesho yake kwenye mawe, mbali kule chini.

Habari zilitufikia Ijumaa kabla sijawasha. Akina mama walishika vichwa. Mimi nililichukua lile gunia nikaliweka kwenye kona, nyuma ya mlango, nje ya mstari, maana sikujua gunia la marehemu lina zamu au halina. Siku hiyo tulisaga kidogo, tukafunga.

Jumamosi nilipofungua, gunia lilikuwa mstarini, nyuma ya magunia yaliyolala. Nilikasirika. Nikauliza nani ameligusa, wakanitazama. Nikalirudisha kwenye kona. Jumatatu lilikuwa katikati ya mstari. Sasa sikilizeni, mimi ni mtu wa vyuma, si mtu wa mizimu. Nikachuchumaa nikaangalia sakafu. Sakafu ya kinu huwa nyeupe, unga umetanda, hata panya akipita unamwona alikoelekea. Hapakuwa na alama ya mguu. Hapakuwa na mkwaruzo wa kitu kilichoburutwa. Funguo zilikuwa mbili tu, wangu na wa Bwana Hezron, na yeye siku mbili hizo alikuwa ameenda na lori Kericho. Nilifikiria kulitupa gunia mtoni. Mikono ikakataa.

Jumanne ukungu ulikuwa mzito kama ule wa Alhamisi. Nilifungua mlango, Bwana Hezron akiwa nyuma yangu, na akina mama kama kumi nyuma yake. Gunia lilikuwa mstarini. Bwana Hezron akanyoosha kidole, akayahesabu polepole kutoka mbele. Moja, mbili, tatu. Lake lilikuwa la nne.

"Washa," akasema kwa sauti ndogo. "Likifika zamu yake, saga."

Nikasaga la kwanza, la pili, la tatu. Unga ukatoka moto kama kawaida. Nikafungua ile kamba ya mgomba nikamimina mahindi ya Taplelei kwenye mdomo wa kinu. Injini ikabadilisha sauti. Kikohozi chake kikapotea, ikawa inapumua laini, kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake kabla wala baadaye. Nikaweka kiganja chini ya mfuko kupokea unga. Jamani, unga ule ulikuwa baridi! Ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Yule bibi kizee akaingiza vidole, akavitoa upesi, akavifuta kwenye nguo yake. Mimi nilijua kabisa kwa nini.

Bwana Hezron, mtu wa duka na lori, alijitwika ule unga kichwani akatoka kwa miguu kuelekea mtoni. Hakurudi siku hiyo. Kwa mara ya kwanza watoto wake sita walikaa mezani bila yeye, na Mama Dorika akawaambia wale.

Alirudi kesho yake mchana, tope mpaka mapajani. Tulisikia baadaye kwa watu kwamba alimkuta yule mtoto wa surua, msichana mdogo, yuko hai bado, hajala siku nyingi kitu cha maana. Alikoroga uji yeye mwenyewe, akamnywesha kijiko kwa kijiko usiku kucha, baba wa mtoto akiwa amekaa tu akitazama ukuta. Lakini siku ile hakutuambia hayo. Alipanda kwenye kibanda cha injini akafungua lile kopo la bomba la moshi kwa mkono wake, likiwa bado na moto.

"Fundi, maliza hawa waliopo, halafu zima. Sitawasha tena."

"Bwana, mashine ni nzima."

"Najua ni nzima."

Mama Dorika alitoka dukani na mwiko mkononi. "Baba Dorika, nini hii?"

"Nimeacha biashara. Nitaenda kwa wazee wa kanisa wanitume."

"Wakutume wapi? Watoto sita watakula Injili?"

"Watakula tutakachokula mimi na wewe."

"Mvua ilimuua yule mama! Mto ulimuua! Wewe umefanya nini?"

Bwana Hezron akanitazama. Alinitazama muda mrefu, nami nikainama nikaanza kufuta puli ya mshipi ambayo haikuwa chafu. "Mashine ni yangu, foleni ni yangu," akamwambia mkewe. "Mimi ndiye niliyempita yule mama." Mama Dorika akalia palepale mbele ya watu, na mimi niliendelea kufuta puli.

Hapo ndipo ningesema. Maneno manne tu yangetosha: mimi ndiye niliyelibeba gunia. Lakini siku tatu nyuma nyapara alikuwa amenitumia salamu kwamba mambo ni tayari.

Duka liliuzwa, lori likauzwa. Mashine ilikaa mwezi mmoja ikingoja mnunuzi, nami nikaachwa kuilinda. Mchana mmoja wa ukungu niliketi mlangoni nikanywa chai, mara nikaona akina mama watatu wanatokea na magunia kichwani.

"Fundi, fungua. Tumesikia."

"Mmesikia nini? Mashine haina hata dizeli."

"Tup, tup, tup. Lakini haikohoi leo. Umeitengeneza?"

Niliwaapia. Wakanicheka, wakasema fundi analewa mchana. Siku ya pili wakaja saba, kutoka kilima kingine, na siku hiyo hata mimi niliisikia. Ilikuwa ikitoka mbali, kama mashine ya jirani, ila hapakuwa na mashine ya jirani upande ule. Nikaingia mbio, nikaweka kiganja juu ya injini. Baridi. Nikageuka. Mshipi niliokuwa nimeutundika kwenye msumari ulikuwa ukibembea polepole, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nilitoka nje nikakaa na wale akina mama mvuani, na tangu siku hiyo nililinda mashine nikiwa ng'ambo ya barabara. Baadaye mtu wa Longisa aliinunua, na ilimsagia miaka mingi vizuri tu, ikikohoa.

Nikaenda kiwandani, upande wa Konoin, mbele ya Mogogosiek. Nyumba ya mabati nikapewa. Nianzie wapi kuwaeleza kazi ya chai? Majani yakifika yanatandazwa yanyauke, yanasokotwa, yanaachwa yaive mpaka yageuke rangi ya shaba, yanakaushwa, yanachujwa. Niliwekwa kwenye mapipa ya moto ya kukaushia, nikapanda hadi msimamizi wa zamu. Jambo moja lilinijulisha kwa wakubwa: sikuruhusu majani ya mtu yapite ya mwenzake. Yaliyoingia kwanza yanasokotwa kwanza, hata karani aje na barua ya nani. Vijana wangu walinichukia. Meneja wa Kiwanda, bwana mmoja mnene mwenye miwani, alinipiga begani mbele ya wote, "Sijaona mtu wa haki kama wewe." Nilienda nyuma ya nyumba ya kuni nikatapika chai yote niliyokunywa.

Bwana Hezron kwa miaka hiyo alikuwa mwinjilisti wa kutembea. Kanisa lilimpa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili kwa watu wanane. Jumapili alihubiri kwenye kambi za chai, na siku za kazi alifanya jambo ambalo watu walilicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka. Alikuwa akienda kwenye mashine za posho za watu, anauliza, "Nani ana mgonjwa nyumbani?" Anayesema mimi, anamwambia aende kwake, na yeye anakaa na gunia la mama huyo mpaka lisagwe, kisha anampelekea. Mwanamume mzima, aliyekuwa na lori, anavuka mito na unga wa watu kichwani. Mama Dorika alikasirika mwaka mzima, kisha siku moja akaonekana kwenye foleni ya mashine nyingine, amekaa na gunia la mgonjwa mwingine. Dorika naye akafuata. Meza yao ilipungua vyakula lakini bado hawakula mpaka wote wakae.

Kila mwezi alifika kambi yetu. Alisimama mbele, akashuhudia: "Mimi nilimpita mama mmoja katika foleni, naye akafa." Nami nimekaa benchi la tatu, suti nimevaa, nyimbo nazijua zote. Kila aliposema maneno hayo viganja vyangu vilikuwa baridi, baridi ileile ya unga, hata kama nimetoka kwenye mapipa ya moto dakika kumi zilizopita. Mke wangu akinishika mkono kanisani aliuachia haraka. Nilikuwa nikifikiri, huyu mtu ameacha mali, ameshusha watoto wake, kwa kosa langu. Na nilikuwa nikirudi nyumbani kwenye mabati yangu.

Miaka ikaenda hivyo mpaka nikasikia ni mgonjwa, kifua, haamki. Nikaomba ruhusa nikaenda. Mama Dorika alinifungulia mlango. "Fundi, umezeeka," akasema, akatuacha.

Bwana Hezron alikuwa amebaki macho tu. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Bwana, lile gunia ni mimi niliyelibeba nyuma. Si wewe."

"Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani."

"Dirishani?"

"Na kikombe cha chai mkononi. Nilikuona ukilibeba. Nikasema moyoni, mke wa nyapara ni mteja mkubwa, acha. Nikamaliza chai yangu." Akakohoa muda mrefu. "Wewe ulibeba, mimi nikatazama. Ungekuwa wewe peke yako, ningekufukuza kazi nikaendelea kusaga."

"Mbona hukunitaja miaka yote hii?"

"Dhambi yako ni mali yangu, niitangaze?" Alinishika mkono, na hakuuachia. "Lakini kuna jambo. Arap Tonui aliniuliza siku ile ya kwanza, nani alibeba gunia la mke wangu? Nilimwambia atakuja mwenyewe. Kila mwaka ananiuliza, amekuja? Fundi, usinifanye mwongo."

Nikamwapia nitaenda. Alizikwa kabla ya mavuno, na watu waliokuja na magunia matupu mabegani, kwa heshima yake, walijaza kilima. Na mimi sikuenda ng'ambo ya mto. Mara zamu, mara mvua, mara mguu unaniuma. Uongo mtupu. Niliogopa, basi, na nilijidharau kwa kuogopa, na bado sikuenda.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilistaafu. Kiwanda kilinifanyia sherehe, mbuzi wawili, Meneja akasoma hotuba ya mtu wa haki. Nilipewa nafasi ya kujibu nikasema asante nikakaa. Wastaafu wengine hukaa wakihesabu injini walizofufua. Mimi nilikaa wiki moja kwenye veranda, hakuna king'ora cha zamu, hakuna kelele ya kujifichia, na nikagundua kwamba kazi yangu yote nzuri ya miaka ile niliipata kwa kumpita mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Kijana unayesoma, ufundi utafundishwa na yeyote. Hili hakuna atakayekufundisha kwa konzi. Jumatatu nilichukua fimbo nikavuka Nyangores, kwenye daraja la saruji.

Palikuwa na ukungu mwembamba. Nyuma ya nyumba msichana alikuwa akichuma chai ya kwao, kikapu mgongoni. Nilimsalimia, "Chamgei," akaitikia, akanitazama shavu lenye alama.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

"Umejuaje?"

"Pastor Hezron alituambia atakayekuja ana alama. Mimi ni Chelangat. Baba alikufa wakati wa kupanda. Alikungoja mpaka siku hiyo."

Nilikaa chini kwenye majani mabichi, mzee mzima, nikalia. Nikamwambia yote: la nne, mke wa nyapara, magunia matatu, nilivyocheka. Hakunikatiza. Hakunipa kiti wala maji, na sikustahili. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama alikuambia nini mwisho? Wewe ndiye mtu wa mwisho alizungumza naye. Mimi nilikuwa mdogo, sauti yake siijui."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote maneno hayo, hata Bwana Hezron. Taplelei alisimama mbele yangu jioni ile, gunia lake halijasagwa, chupa ya dawa kifuani, na akaniomba radhi.

"Alisema, pole fundi, mimi nimekusumbua."

"Sivyo hivyo," Chelangat akasema. "Sema vile yeye alisema."

Nikajaribu kwa lafudhi yake. "Pole, funti. Mimi nimekusumpua."

"Tena."

Nikafumba macho nikasikiliza kama nilivyofundishwa kusikiliza karakana, nikatafuta ile sauti mahali nilipoizika, na nikasema mara ya tatu. Nasema kweli mbele ya Mungu, iliyotoka kinywani mwangu haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, imechoka, na ina haraka ya kufika nyumbani. Nikafumbua macho. Kikapu kilikuwa kimeanguka, majani yamemwagika, na Chelangat alikuwa amesimama mikono mbele kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Mama," akaitika. "Niko hapa."